Ua Lililozikwa kwa Nta

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amesafisha jengo moja kwa miaka ishirini na sita. Ni jengo la ofisi la ghorofa tano, lenye nguzo nene mlangoni, linalotazamana na mahakama. Mawakili wa ghorofa za juu wamembandika jina la Mama Nta, kwa sababu kila Ijumaa alikuwa akiipiga nta nyekundu sakafu ya ukumbi wa chini mpaka mtu anajiona uso. Jina halimuudhi. Husema, "Wengine wanaitwa kwa matumbo yao, mimi naitwa kwa kazi yangu."

Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, yaani mkwe wangu. Mkwe alilikuta jengo likiwa la kampuni ya kamba. Baadaye likawa ofisi ya vibali, watu wanapanga foleni ukumbini na viatu vya tope. Mkuu wa vibali akachoka kuona tope, akaamuru sakafu yote ipakwe nta nyekundu. Mkwe akapaka. Halafu ikaja kampuni ya bima, wakaukata ukumbi kwa ukuta. Upande mmoja wa ukuta huo sasa ni duka la fotokopi, nako pia wifi alikuwa akipiga nta. Mkwe alipostaafu alimkabidhi binti yake kopo la nta na neno moja: "Chini ya hii nyekundu kuna ua. Mafundi wa kwanza walilipanga kwa vijiwe, katikati ya ukumbi."

Mwaka jana akaja meneja mpya wa jengo, akatangaza kwamba Jumatatu sakafu itavunjwa, viwekwe vigae vyeupe. Wifi akamfuata ofisini.

"Mwanangu, usivunje. Chini kuna ua."

"Umeliona, mama?"

"Mama yangu aliliona."

Meneja hakumcheka, na mimi namwombea heri kwa hilo. Alifungua ramani zake, akatafuta, akatikisa kichwa. "Kwenye karatasi halipo. Nionyeshe kabla ya Jumamosi saa sita mchana, nitawazuia mafundi. Usiponionyesha, tusilaumiane."

Ijumaa asubuhi wifi alinipitia nyumbani. Hakuuliza kama nina nafasi. Alinipa ndoo na nyembe, tukaenda.

Tulipiga magoti juu ya magunia katikati ya ukumbi. Tukamwaga mafuta ya taa, tukakwangua, tukaosha kwa magadi. Nta ilitoka ngozi juu ya ngozi kama kitunguu. Kufika saa tisa tulikuwa tumefungua nafasi ya kutosha mkeka, na chini yake ilikuwa kijivu tupu. Fundi wa vigae alikuja na futi yake kupima.

"Mama Nta, unatafuta ua au unachimba kisima?"

"Nikifika kwenye maji nitakuita unywe," wifi akamjibu bila kuinua kichwa.

Lakini fundi alipoondoka, mikono ya wifi ilisimama. "Aliyelizika ni mimi, wifi. Ijumaa zote hizo, kwa mkono wangu huu huu, na nikasifiwa."

Nikasema tuombe. Tukaomba pale pale kando ya ndoo. Nilipofumbua macho nilimkuta mwenzangu anatazama juu.

"Wifi, unasali umekodoa macho?"

"Nilianza nimefumba. Hebu tazama dari."

Ukuta wa bima haukufika darini. Juu yake palikuwa na uwazi, na ng'ambo ya ule uwazi, upande wa fotokopi, lilionekana pambo la chokaa, duara kama sinia, na ndoano katikati. Ndoano ya taa kubwa ya zamani.

"Taa huning'inizwa katikati," wifi alisema. "Hapa tulipo ni katikati ya ukumbi wa leo. Wa mama ulikuwa mkubwa."

Jumamosi duka lilipofunguliwa tulikuwa mlangoni. Mwenye fotokopi alitusikiliza, akashika kiuno. Mashine yake ilikuwa imesimama chini ya lile duara kabisa.

"Mashine hii tembo, jamani. Na ikigoma je? Ukikosa hilo ua, Mama Nta, utairudisha kwa mgongo wako."

"Nitaibeba. Sukuma."

Tuliisukuma watu watatu, inalia kama mlango mbovu. Wifi akajifunga khanga kiunoni, akashuka chini. Aliambiwa apumzike, akatia pamba masikioni. Wembe ulimkata kidole, akakifunga kitambaa akaendelea. Kwenye saa nne aliacha kukwangua. Chini ya wembe palikuwa na kijiwe cha kijani, hakizidi punje ya haragwe. Kando yake kingine. Kisha cheusi.

Saa sita meneja alipoingia, petali tatu zilikuwa wazi, kila moja urefu wa mkono. Mwenye fotokopi alikuwa amefunga duka, yuko chini na sisi, shati limemharibika. Meneja alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya vijiwe, polepole. Halafu akampigia simu fundi.

"Ukumbini msiguse. Hivyo vigae pelekeni vyooni."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wifi alikuwa anaupima ukuta kwa macho.

"Na huu, mwanangu? Umekaa ukumbini bila kualikwa."

"Mama, nipe pumzi kwanza."

Alimpa pumzi ya miezi miwili, akimkumbusha kila asubuhi na salamu. Ukuta ukabomolewa. Mwenye fotokopi alihamishiwa chini ya ngazi, na mpaka leo ananung'unika, lakini wateja anawaonyesha ua yeye mwenyewe, kama vile alilipanda.

Ua limekamilika, petali nane. Sehemu iliyobaki ya ukumbi bado ni nyekundu. Meneja alitaka kuleta mashine ya kukwangua, wifi akakataa, akisema italichubua jiwe. "Nililifunika Ijumaa kwa Ijumaa," alimwambia, "nitalifunua Ijumaa kwa Ijumaa." Amebakiza miaka miwili kustaafu, na robo tatu ya ukumbi. Nimepiga hesabu, siku hazitoshi kwa mtu mmoja.

Ndiyo maana Ijumaa hamnikuti nyumbani.