Rangi ya Viatu kwenye Mpingo

Acha nianze na ukweli, maana nikichelewa nitaanza kujitetea. Yule msichana nilimwonea wivu tangu Jumapili ya kwanza alipoingia kwenye bendi ya kanisa letu pale Laini Saba. Alikuwa akikaa Kawangware, upande wa Gatina, na kwao hasa ni mkoa wa Magharibi. Mimi kwetu ni Machakos. Tulikuwa rika moja, na kabla hajaja, klarineti ya mpingo ilikuwa yangu.

Si yangu ya kununua. Bendi ilikuwa na klarineti mbili, moja ya plastiki na moja ya mti, na hii ya mti mwalimu wa bendi alinikabidhi kwa sababu moja tu: nilifanya kazi kwenye kibanda cha wachonga vinyago kando ya reli. Wanaume walichonga, sisi wanawake tukapiga msasa na kung'arisha. "Wewe unajua mti," aliniambia, na mimi nikavimba kichwa. Akanifunza kuitunza. Ukimaliza kupiga, unaipangusa nje kwa kitambaa laini, kikavu, kwa sababu jasho la vidole hula mti polepole. Vumbi linalojificha chini ya vyuma vya kubonyeza unalitoa kwa brashi ndogo. Mafuta ni tone moja, tena mara chache. Na isikaribie jiko hata kwa bahati mbaya. Hilo la jiko alilirudia mpaka nikaona ananifanya mtoto.

Halafu akaja huyu. Mwalimu akampa ajaribu, na wacha tu, nilisikia ile sauti nikatamani mabati yatuangukie. Hata kina mama waliokuwa wakipanga viti walisimama kusikiliza. Mwalimu hakunizungusha: kuanzia siku hiyo yeye angeipiga Jumapili, mimi ningeitunza wiki nzima na kupiga ile ya plastiki nyuma yake. Nikawa yaya. Mtoto namwogesha, namvalisha, halafu mamake anakuja kumbeba kanisani watu wamsifu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa mtu mzuri. Kila Jumapili alinisalimia, "Sasa dada," akaigeuzageuza mwangani na kusema leo inang'aa. Nilimtafutia kasoro mpaka nikachoka. Nikabaki na kisigino cha kiatu chake kilichoisha upande mmoja, nikakichukia hicho.

Krismasi ya uchaguzi ule wa 2007 aliomba kwenda nayo nyumbani ajifunze nyimbo za mwaka mpya. Mwalimu akakubali, mimi nikampa sanduku bila kumtazama usoni. Siku chache baadaye matokeo yakatangazwa, na mambo yakaharibika. Barabara zikafungwa kwa mawe na matairi, reli ikang'olewa, kibanda chetu kikafungwa, ibada zikasimama. Jirani alimwuliza jirani kabila lake kana kwamba hawakuwa wakichota maji pamoja. Na mimi, aibu iliyoje, nilikuwa nikijilaza nikiwaza klarineti. Nilimpigia simu, haikuingia. Nikasema basi, ameuza. Wiki ya pili nikaona kuuza ni afadhali, kuliko awe amekaa huko akiipiga mchana kutwa bila mtu wa kumkatiza.

Mwisho wa Januari alikuja kwangu kwa miguu, klarineti ameifunga kwenye fulana ya mtoto. Kitu cha kwanza nilichomwuliza hakikuwa habari ya kwao. Nilimwuliza sanduku liko wapi. Akasema lilibaki, na kwamba siku hizi yuko kwa shangazi yake, Kianda, mtaa wa karibu na kwetu. Sikuuliza lilibaki wapi wala kwa nini alihama. Nilikuwa nimeshaanza kuifungua ile fulana.

Haki ya Mungu, iling'aa. Miaka miwili niliipangusa mimi na sikuwahi kuupata mng'ao ule, mweusi, mtulivu, usionata kidoleni. Nikamwuliza amepaka nini.

"Kitambaa tu," akasema. "Kila siku. Sikuwa na kazi nyingine."

Muongo, nikasema moyoni. Mwenye siri hujibu hivyo hivyo. Alipoondoka niliinusa kuanzia juu hadi chini nikitafuta harufu ya mafuta yake. Sikupata harufu ila ya moshi, nami nikaona ni ya jiko la shangazi.

Viongozi walipopeana mikono, kanisa likapanga ibada ya amani. Nikajua watu wote watakuja, na klarineti itakuwa mbele mikononi mwake, iking'aa kwa kazi yake. Hapo roho ikanikataa kabisa. Jumamosi asubuhi nikaibeba niing'arishe kumshinda, mpaka kibandani, ambapo tulikuwa tumeanza kazi tena.

Sasa mnisikilize vizuri, maana kosa hili hufanywa na mtu wa vinyago tu. Vinyago vyetu vingi havikuwa vya mpingo. Vilikuwa vya mjakaranda, mti mweupe na laini, na sisi wanawake ndio tuliowageuza wale twiga na vifaru kuwa weusi. Unaupasha mti kwenye jiko la makaa mpaka uwe vuguvugu, unaupaka rangi nyeusi ya viatu, mti unainywa, unasugua na brashi, unamalizia na kitambaa. Mgeni akija anaambiwa ni mpingo na anashukuru. Mpingo wenyewe ulikuwa umepita mikononi mwangu mara mbili au tatu maishani. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilishaambiwa najua mti. La jiko nililikumbuka. Nikajiambia mwalimu anajua nyimbo, hajui kung'arisha.

Nikaigeuza juu ya makaa kama mahindi. Ikafanya "ta!", mara moja, kidogo tu. Nilipoitoa niliona ufa mwembamba kama unywele, kutoka juu ukishuka mpaka kwenye tundu la pili. Kisha mikono ikafanya kile ilichozoea kufanya kinyago kikipasuka: vumbi la msasa, gundi, rangi ya viatu juu yake, brashi, kitambaa. Baada ya nusu saa hata mimi sikuuona.

Jumapili, alipoishika, alinitazama kwa macho ya furaha. "Dada, hapo umenishinda," akasema. Na ufa nikiujua, nilifurahi. Nilifurahi kweli.

Alipiga ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili sauti ikakwama, ikawa hewa tupu inayovuja. Akajaribu tena. Watu wakaanza kutazamana. Mwalimu akaichukua, akaipeleka dirishani, na kutoka nilipokaa niliona kidole chake kikifuata ule mstari wote mpaka mwisho. Nikasimama. Sijui nilitaka kusema nini, ila nilisimama.

Yeye akanitangulia.

"Mwalimu, ni mimi," akasema, na alikuwa akilia. "Nyumba yetu ilipochomwa nilikimbia nayo. Niliifunga na fulana ya mwanangu, nikaishika kifuani, lakini moto ulikuwa karibu sana. Nilijua joto litaiharibu."

Mtoto wake sikuwa nikijua kama anaye. Kumbe alikuwa amemtanguliza na nyanya yake, yeye akarudi ndani, na katika vyote vilivyokuwa mle ndani akatoa klarineti ya kanisa. Hata hapo, mnisamehe, kitu cha kwanza kilichonichoma kilikuwa wivu: kwamba mimi nisingerudi.

Akageuka kwangu mbele ya watu wote. "Dada, uliitunza vizuri, mimi nimeiharibu. Nisamehe."

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi, nimesimama tayari.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akashuka madhabahuni, akashika mkono wake na wangu, akawauliza waumini kama wanaona: huyu ni wa Magharibi, huyu ni wa Machakos, mmoja amekiri na mwingine amesamehe, na nchi hii itapona namna hii hii. Akatuinua mikono juu. Nami nikaacha wangu uinuliwe.