Nzi Ambaye Hatsue Hakumponda Kichwa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, jua la Septemba limeshaanza kuchoma vigae vyekundu huko nje, lakini Hatsue Tokeshi ameketi gizani. Amefunga mlango, ameshusha pazia jeusi na kuwasha taa ya zambarau. Mbele yake kuna sinia nyeupe yenye nzi wa matunda mia mbili na kumi na sita, wote wameshakufa.

Chini ya taa ile nzi wanawaka rangi ya chungwa, kama makaa yaliyopulizwa. Hatsue anawasogeza mmoja mmoja kwa kibanio, midomo ikihesabu bila sauti.

Kisha mkono unasita. Nzi mmoja hawaki.

"Huyu hapa," anasema taratibu. Anamweka pembeni kwenye kisahani cha kioo na kuendelea na wengine. Kanuni ya chumba hiki inasema asiyewaka hushughulikiwa mwisho, ili mtu asifanye kazi kwa papara. Hatsue anaifuata, ila sasa anahesabu kwa sauti, na kila akifika kumi anatupia jicho kile kisahani.

Ana umri wa miaka sitini na mbili, na kwa miaka kumi na mitano amekuwa kibarua wa mkataba katika kiwanda cha kuzalisha nzi kwenye kisiwa hiki kidogo cha Okinawa. Hulipwa yeni 1,020 kwa saa. Hakusomea wadudu. Kabla ya hapo alikuwa akifunga karela, lile tunda chungu la mboga, kwenye makasha huko ushirika, mpaka ushirika uliponunua mashine.

Kila wiki kiwanda hulea nzi milioni nane. Wakiwa bado kwenye maganda hupigwa mionzi ili wasizae, kisha humwagwa shambani kwa helikopta. Dume tasa akimpata jike wa porini, mayai hayaanguliwi. Kwa njia hiyo wazee wa hapa walimmaliza nzi wa karela zamani, na tangu hapo karela la kisiwa likaruhusiwa kuuzwa bara. Kabla yake lilikuwa linaliwa hapahapa, na mabuu ndani. Kiwanda hakikufungwa, ili nzi huyo asirudi.

Tabu ni kwamba nzi wa kiwandani na nzi wa porini wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Ndiyo maana wale wa kiwandani hupakwa poda inayowaka wangali kwenye maganda. Mitego ya kunasa madume imetundikwa kisiwa kizima, na kila asubuhi mavuno yake huletwa kwa Hatsue. Anayewaka ni wa kwetu. Asiyewaka ni mgeni, au ni wa kwetu aliyeoshwa na mvua.

Kumjua ni lazima umponde kichwa. Nzi anapotoka kwenye ganda husukuma kwa paji la uso, na poda kidogo hunaswa humo ndani ya fuvu, mahali ambapo mvua haifiki. Unaponda, unamulika. Ukiona kidoa cha chungwa unapumua.

"Watu walikuwa wananiita Mama Nzi," anasema Hatsue. "Nilikuwa nacheka. Nikienda dukani wananiambia, 'Mama Nzi, wanao hawajambo?' Siku hizi bado wananiita hivyohivyo. Ila hawacheki."

Kilichobadilisha mambo ni siku moja ya Septemba, mwaka jana.

Kiwanda kina desturi yake, na nje ya nchi hii mtu anaweza kuicheka. Mara moja kwa mwaka wafanyakazi wote hukusanyika mbele ya jiwe lililosimamishwa uani, hufukiza udi mweusi, humimina pombe ya mchele na kuwaombea wadudu wote waliouawa kwa ajili ya kazi. Mkurugenzi huwaomba radhi kwa maneno ya heshima kabisa. Na siku hiyo hakuna anayeua mdudu. Hata mbu hufukuzwa tu kwa mkono.

Sinia za nzi waliokufa zilikaguliwa kama kawaida siku hiyo. Lakini kuponda vichwa, tena saa moja kabla ya kwenda kuwainamia? Hakuna aliyeandika kwamba ni marufuku. Ilikuwa haifanywi tu.

Asubuhi hiyo nzi mmoja hakuwaka. Alitoka mtego namba 41, upande wa magharibi.

"Nilimtazama nikasema, aa, huyu ameloa," anasimulia. "Wiki nzima ilikuwa mvua. Miaka kumi na minne nimeponda vichwa, na kila asiyewaka alikuwa wetu. Kila mmoja! Nikamweka kwenye kikopo cha dawa ya kuhifadhia, nikasema nitamponda kesho. Fomu ilikuwa inatakiwa kabla ya saa sita, na ina sehemu mbili tu: wetu, si wetu. Nikaandika wetu. Nikavaa nguo nyeusi, nikaenda kuwaombea."

Kesho yake kikaja kimbunga. Kiwanda kilifungwa siku tatu. Walipofungua, sinia za siku nne zilikuwa zimerundikana mezani, na kikopo kilikuwa kwenye droo nyuma ya boksi la glavu. Hatsue hakukikumbuka. Mazoea yana tabu zake. Yalimdanganya mwanamke ambaye hata sukari ya chai huipima.

Wiki tano baadaye mkulima wa magharibi alipasua karela la kupika mchana akakuta mabuu yanarukaruka.

Siku ileile Hatsue alirudi kwenye droo. Kikopo kilikuwapo. Alizima taa, akamponda yule nzi kichwa, akamulika. Hapakuwa na kitu. Alimulika tena, akabadilisha taa, akamulika mara ya tatu.

Hakuna mtu aliyejua habari ya kikopo kile. Angeweza kukitupa kwenye takataka za siku hiyo na mambo yakaishia hapo. Alikibeba kwa mikono miwili hadi kwa Daktari Mikako Kuwae, mtafiti wa vinasaba wa kiwanda, akakiweka mezani, akainama mpaka paji la uso likagusa meza.

"Nilimwambia, mama, inuka," anakumbuka Daktari Kuwae, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake. "Hakuinuka. Akawa anasema tu, 'Huyu ni wa tarehe ishirini na tatu. Huyu ni wa tarehe ishirini na tatu.'"

Daktari alichukua mguu mmoja wa yule nzi na kulinganisha nasaba yake na ya mabuu ya shambani. Zilikuwa ukoo mmoja, na hazikuhusiana na nzi wa zamani wa kisiwa. Pengine walikuja na upepo, pengine kwenye tunda la msafiri. Kama wangejulikana tarehe ishirini na tatu, anasema daktari, ingetosha kusafisha mashamba machache yanayozunguka mtego namba 41. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta waliojenga ulikuwa zuio la kuuza mazao ya kisiwa kizima.

Kaya thelathini na nne hazikuuza kitu. Tani mia moja na kumi za karela, maboga na mapapai zilifukiwa kwenye shimo nyuma ya uwanja wa mpira.

Mmoja wa waliofukiwa mali yao ni Zenei, kaka yake Hatsue wa tumbo moja, mwenye miaka sabini na mmoja. Hatsue alimfuata nyumbani kabla habari haijamfikia kwa midomo ya watu. Walikaa mbele ya madhabahu ya wazazi wao, chai ya asumini ikapoa, naye akamweleza yote, udi na jiwe na kikopo.

Zenei alisogeza kikombe chake pembeni. Kisha akasema, "Kumbe ulimhurumia nzi."

Wiki iliyofuata Hatsue alikuwa katika kikosi cha kukata mimea ya karela kwenye banda la plastiki la kaka yake. Aliomba mwenyewe kupangiwa huko. Matunda yalikuwa yamening'inia mpaka usawa wa macho, mengine hayajafikia urefu wa kiganja. Zenei alisimama mlangoni, mikono nyuma, akiwaonyesha kwa kidevu yale waliyoyaruka.

"Ningependa anipige," anasema Hatsue. "Kweli. Angenipiga ningelala usingizi."

Tangu hapo kiwanda kinapambana. Nako hakuna raha, kwa sababu nzi waliolelewa kizazi baada ya kizazi kwenye vizimba wanazidi kuwa mazuzu.

"Kizimbani dume hana haja ya kutongoza, jike yuko pembeni yake tu," anaeleza Daktari Kuwae. "Jike wa porini anataka dume apige mbawa, aimbe jioni, ajitahidi. Anamkagua huyu wa kwetu, anamwona hamnazo, anaruka zake. Na majike wanaokataa ndio wanaobaki kuzaa mabinti wanaokataa. Inabidi tuchanganye damu mpya kila mara."

"Mimi siwalaumu hao majike," Hatsue anadakia. "Ningekuwa na macho yao nisingeolewa na marehemu." Daktari anacheka. Hatsue mwenyewe hacheki, ingawa inaonekana zamani utani huo aliufurahia.

Sasa zimepita siku themanini na tatu bila nzi wa porini kwenye mtego wowote. Zuio litaondolewa zikitimia mia moja na ishirini, mwisho wa Oktoba. Akionekana hata mmoja, hesabu inarudi sifuri.

Zenei amesia mbegu kwenye vitrei, miche mia sita ya karela la majira ya baridi. Inatakiwa kuhamishiwa bandani Oktoba. Amewaambia majirani kwamba zuio likiendelea msimu mwingine atang'oa mabomba ya banda, ayauze chakavu, ahamie Osaka kwa mwanawe, kwenye nyumba ya ghorofa ya tisa. Kwa mzee ambaye hajawahi kuishi mahali asipoweza kukanyaga udongo, hiyo ni hukumu. Hatsue analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Gizani, hesabu imefika mia mbili na kumi na tano. Wote wanawaka. Amebaki yule wa kisahani.

Hatsue anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti, anaivaa. Anamgeuza nzi kifudifudi. Anabonyeza kichwa kwa ncha ya kibanio, kinatoa mlio mdogo kama ufuta chini ya jino. Anasogeza taa.

Kwa muda haoni kitu. Kisha, katikati ya ule uchafu mweusi, kidoa kimoja cha chungwa, kidogo kuliko nukta ya kalamu.

"Wetu," anasema. Anaandika. Kisha anakaa tu, mikono mapajani, mpaka pumzi inarudi. Siku themanini na nne.

Mkataba wake unakwisha Machi na hatauomba tena. Mpango wake ni mmoja: asome yeye mwenyewe sinia ya siku ya mia moja na ishirini, halafu aende kumsaidia Zenei kuhamisha miche, kama Zenei atamruhusu kuingia bandani. "Asiponiruhusu nitafunga makasha nje," anasema. "Kufunga makasha bado najua."

Saa sita mchana, akiwa na tonge la wali mkononi, simu inaita. Ni Zenei. Amekuwa akipiga kila siku saa hiyo tangu alipopanda mbegu, na mazungumzo yao hayazidi nusu dakika. Hatsue anaweka simu mezani, sauti wazi, kwa kuwa mikono yake inanata wali.

"Leo?"

"Mmoja hakuwaka, kaka."

Kuku wanasikika upande wa pili.

"Ulimponda?"

"Nilimponda. Ni wetu."

"Una hakika, Hatsue?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Mlango wa banda unasikika ukifungwa.

"Kesho si ndiyo siku yenu ya jiwe?"

"Ndiyo," anasema Hatsue. Anaweka chini tonge lake. "Nitawaponda kwanza, kaka. Nikimaliza ndipo nitakwenda kuwaombea."