Barua Yangu ya "Didactic"

Aibu hii hata mume wangu hajaisikia, lakini leo acha niitoe nipumue.

Nilikuwa nafundisha shule ya mabati kule Riruta, nikasikia shule moja ya Parklands inatafuta mwalimu (mshahara wa kueleweka, na choo chenye maji). Nikakimbia kwa Mama Shiru, aliyekuwa na kompyuta mbili na ndiye aliyetuchapia barua za kazi mtaa mzima. Barua yenyewe ilikuwa tayari ndani ya mashine, wewe unabadilisha jina tu. Akaniuliza, "Mwalimu, nikusomee kwanza?" Nami kwa madaha, "Mama Shiru, mimi nimesomea ualimu. Print tu."

Siku ya mahojiano, mwalimu mkuu, mama wa Kihindi mzaliwa wa papo hapo Parklands, aliyeketi na walimu wengine wawili, akaisoma polepole. "Unasema wewe ni didactic teacher. Uliandika mwenyewe?"

Nikasema ndiyo, kila neno. (Mdomo huu wangu.)

"Basi chukua chaki, tufundishe maana yake."

Sijui shetani gani alinisukuma. Badala ya kusema sijui, nikasema ni mwalimu anayependa watoto, na kwa kuwa hawakunikatiza nikaingia kwenye maadili, nikawanyoshea kidole watu wazima watatu nikiwaonya kwamba uongo huanza kwa kunakili kazi ya jirani, nikawaambia warudie pamoja, na kweli wakarudia.

Mama yule akafungua faili, akapanga mezani barua nne. Majina mbalimbali, barua ile ile, mpaka koma.

"Didactic ni kitu cha kufundisha, kama hadithi yenye funzo," akasema bila hasira. "Lakini mtu ukimwita hivyo, mara nyingi unamsema. Ni yule anahubiria watu wazima kama watoto. So umetuonyesha vizuri."

Nikauliza kwa kasauti, "Na kazi, madam?"

"Ungesema hujui, ningekupa. Hao wengine watatu wa barua hizi pia nilingoja waseme."

Nilirudi Riruta nimefura, nikamwaga hasira yote kwa Mama Shiru mbele ya wateja, eti ananiandikia maneno asiyoyajua. Hakuacha kuchapa.

"Mimi niliishia darasa la saba," akasema. "Nilidhani mwalimu ndiye anajua."

Tangu siku hiyo, mtoto akiniuliza neno nisilolijua, namwambia sijui, lete kamusi, tena nasema upesi kabla huu mdomo haujapata nafasi.