Kidonge Kabla ya Sindano

Fundi suti hakutulia kwenye benchi la maabara. Alikaa, akasimama, akaenda kusoma tangazo la kunawa mikono alilokwisha kulikariri, akarudi. Dada yake mkubwa, yule aliyemtolea figo, akamvuta shati.

"Kaa chini, wewe! Umekalia siafu?"

"Foleni haisogei, dada."

"Foleni gani? Mbele yako kuna mtu mmoja!"

Tangu apandikizwe figo ile, fundi alitakiwa kumeza vidonge asubuhi na jioni ili mwili usiikatae. Dawa ikipungua kwenye damu, mwili huishambulia figo. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza. Ndiyo maana hupimwa, na damu hutolewa asubuhi kabla mgonjwa hajameza, dawa ikiwa chini kabisa.

Lakini vidonge vilimtetemesha mikono. Yeye aliyesifiwa kwa kola zake akawa anaharibu hata tundu la kifungo. "Fundi, hili koti ulilishona juu ya trekta?" wateja walimtania. Akacheka nao, kisha akaanza kuruka dawa kimyakimya. Mikono ikatulia, kazi ikarudi. Huo ulikuwa usaliti, na hauna haja ya kutafutiwa jina laini: kilichokuwa hatarini kilitoka ubavuni mwa mtu mwingine.

Asubuhi hiyo, akihofia kipimo kitamuumbua, alimeza viwili kwa mpigo kabla ya kutoka nyumbani.

Mpimaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimfunga mpira mkononi.

"Dawa ya asubuhi umemeza?"

"Bado."

"Iko wapi? Wenzako huja nayo, nikichomoa sindano wanameza hapahapa."

Fundi akapapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali, kisha wa shati tena.

"Nilijua tu utasahau," dada yake alisema, akifungua mkoba. "Nimekubebea. Na maji haya hapa. Mtu mzima unalelewa kama kitoto!"

Kidonge kikawa kwenye kiganja cha dada, mbele ya pua ya fundi. Mpimaji alikwisha kupangusa mshipa kwa pamba. Fundi alitazama kidonge, akatazama sindano. Hicho kingekuwa cha tatu.

"Subiri, mama," akasema. "Nimeshameza. Viwili."

"Viwili vya nini?" dada akauliza.

"Wiki nzima sikumeza hata kimoja. Mikono, dada. Nilishindwa kushona."

Mpimaji alifungua mpira.

"Ningekutolea namba nzuri," alisema, "daktari akaridhika, na figo ikaendelea kuharibika. Nendeni kwake sasa hivi. Siku ya kupima dawa kwenye damu atapanga yeye. Na hiyo mikono umwambie. Ulidhani hajui kwamba dawa hii hutetemesha?"

Dada alirudisha kidonge kwenye bahasha yake. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha fundi kuliko matusi.

"Nilipotiwa kisu," alisema polepole, "hukuniambia kwamba makoti ya watu yana thamani kuliko mimi."

"Dada, nisamehe."

"Sijui bado. Twende."

Alitangulia kwenye korido, mkono mmoja ubavuni. Mbele ya mlango wa daktari akasimama.

"Nianze kusema mimi, au wewe?"

"Mimi," fundi akajibu, akagonga kwa mkono uliokuwa ukitetemeka.