Hakimu Aliyeuliza Baba Aliishi Wapi

Baba alipofariki, mdogo wake aliyekuwa akiishi ng'ambo, Zambia, alitujia Chapwa, upande wetu wa Tanzania, na karatasi yenye muhuri.

"Shemeji," alimwambia mama, "mahakama ya kule imenifanya msimamizi wa mirathi. Mkishavuna mahindi, mhame."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mimi niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne niliisoma mara tatu. Kila mara jina la baba lilikuwa pale pale.

Mama alitaka kukimbilia polisi. Mwenyekiti wa mtaa akatuambia polisi hawagawi mirathi, twende Mahakama ya Mwanzo. Tukafungua shauri, tangazo likabandikwa, na baba mdogo akaweka pingamizi.

Siku ya kusikilizwa alivaa suti. Akainua karatasi yake juu. "Mheshimiwa, jambo hili limeshaamuliwa."

Hakimu, mwanamke ambaye bado alikuwa kijana, aliisoma mpaka mwisho.

"Marehemu aliishi wapi?"

"Chapwa," mama akajibu.

"Shamba liko wapi?"

"Chapwa hapo hapo."

"Na aliishi kwa mila gani?"

"Za Kinyamwanga, Mheshimiwa."

Hakimu akamgeukia baba mdogo. "Sikiliza, mzee. Mahakama hupewa uwezo na sheria, na sheria hiyo hiyo huiwekea mipaka. Iliyokupa karatasi hii ina nguvu kwao. Haiwezi kugawa shamba la Chapwa. Mirathi ya mtu aliyeishi hapa kwa mila za hapa, naisikiliza mimi."

Siku zote nilidhani mahakama ni mahakama tu, mwenye muhuri mkubwa ndiye mshindi.

Baba mdogo hakukata tamaa. "Basi niamulie mpaka. Nusu ya shamba ni yangu tangu zamani."

"Mgogoro wa ardhi? Huo sina mamlaka nao. Peleka Baraza la Kata."

Alikiri hivyo bila kuona aibu hata kidogo, mbele ya ukumbi mzima, na hapo ndipo nilipomwamini kabisa.

Mama akateuliwa msimamizi. Tulipotoka nje alipiga vigelegele, nami nikampokea, mpaka karani akaja kutunyamazisha huku mwenyewe anacheka.

Barazani baba mdogo hakwenda. Mvua za kupandia zilipoanza alikuja nyumbani mikono mitupu, akabisha hodi. Mama akampa kiti, akaniambia nisonge ugali wa watu watatu.