Karani wa Akiba za Muda Maalumu

Jumatatu, 9 Juni 2003, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, Xaveria, fundi cherehani wa Bagara, alisubiri benki akimtazama karani wa akiba za muda maalumu. Kila mteja alipoketi, karani alifuta miwani, akauliza taratibu, "Nyumbani wote wazima?" Xaveria alidhani ni salamu tu. Zamu yake ilipofika, aliomba urithi wake wote ufungwe miaka mitano, kwani riba ya muda mfupi ilikuwa imeshuka mno.

Karani akamuuliza swali lile lile. "Wazima, ila mama ana uvimbe tumboni," alijibu Xaveria.

Kalamu ya karani ilisimama. "Basi, mdogo wangu, jora zima usilikatie gauni moja." Akatenga fungu dogo la mwaka mmoja, kubwa akalifunga miaka mitano. Xaveria alitia sahihi fomu zote mbili, mkoba wazi mapajani.

Mwaka mmoja baadaye fungu dogo liliiva, mama akapasuliwa. Lile kubwa halikuguswa.