Fundi na Prosesa Iliyokimbizwa

Fundi wa kompyuta hupima joto kwa mgongo wa kidole, kama mama anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Safari hii, kwenye kompyuta ya kaka na dada iliyokuwa ikizimika ovyo, kidole kiliruka. Akasonya.

"Prosesa umeikimbiza kupita uwezo wake, tena kwenye bodi ya bei rahisi! Isizimike kwa nini?"

"Michezo ilikuwa inakwama," kaka mtu alijitetea. Dada mtu, anayetakiwa kukabidhi tasnifu iliyomo humo kesho, akamkata jicho.

Fundi akairudishia kasi yake ya kiwandani, mashine ikatulia.

"Basi niongezee kasi kidogo tu, fundi," kaka mtu akabembeleza.

Fundi akamshika mabega, akamgeuza uso ukutani, kisha akamwita dada mtu. "Mdogo wangu, njoo ufunge mipangilio hii kwa nywila yako mwenyewe. Na wewe, thubutu kugeuka!"